Machungwa ya Muheza kwenye foleni fupi

Asubuhi ya safari mjomba alifika Tanga na gari la kwanza kutoka Muheza, kiroba begani. Alikitua barazani, akaketi kwenye mkeka, akasubiri nimwamkie.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya ni yako, uende nayo huko kwenu."

Machungwa. Yale ya ganda la kijani ambayo mgeni hudhani hayajaiva, na ukiyakata maji yanakutiririka mpaka kwenye kiwiko. Nilipomwambia siwezi kuingia nayo Marekani, wadogo zangu walipiga kelele kwamba siku hizi najidai. Mjomba peke yake alinyamaza. Aligeuza chungwa moja kiganjani, akaniuliza, "Kwa sababu ya nzi?"

Ndiyo, kwa sababu ya nzi. Nitarudi kwa nzi huyo, kwa sababu bila yeye haya mambo ya foleni fupi hayaeleweki vizuri.

Naandika kwa kuwa haupiti mwezi bila mtu kuniuliza, msibani au kwenye arusi au kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Houston, kama hiyo Global Entry inafaa kuombwa na watu kama sisi. Nawajibu iombeni. Halafu mazungumzo yanahama, na ile sehemu ya pili ya jibu inabaki mdomoni: kwamba ukishapewa, kilichoaminiwa ni kauli yako kuhusu begi lako. Si mkono wa shangazi aliyekufungia mzigo, wala si mama yako aliyesimama pembeni yako. Ni wewe na unachotamka, basi.

Kwa asiyeifahamu, huu ni mpango wa idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani, CBP. Ulianza kwa majaribio Juni 2008 katika viwanja vitatu: JFK kule New York, Dulles karibu na Washington, na hapa kwetu, George Bush Intercontinental. Abiria wengi wanaoshuka kwenye ndege hawana tatizo lolote, lakini afisa hawezi kulijua hilo kwa kuwatazama sura. Kwa hiyo anayekubali kupekuliwa historia yake mapema, akatoa alama za vidole, akakaa na afisa akahojiwa, siku ya kurudi anasimama mbele ya mashine inayompiga picha ya uso, anaulizwa swali moja au mawili na kupita. Muda aliookolewa afisa unakwenda kwa wale asiowajua.

Nilipomweleza mama kwa simu alinielewa upesi kuliko wenzangu wengi wa huku. Mama ni mtu wa Horohoro, mpakani na Kenya. Tangu ujana wake anavuka pale kwenda Lunga Lunga, na kutoka Lunga Lunga mpaka Mombasa kwa dada zake, arusi hii na matanga yale. Kuna maafisa pale waliomzoea hadi wanamuuliza habari za mgonjwa aliyekwenda kumtazama. "Kwa hiyo na wewe wamekujua," aliniambia. Nikamjibu ndiyo, wamenijua. Tofauti ni kwamba yeye alijulikana kwa miaka ya kupita, mimi nilijulikana kwa fomu.

Na fomu yenyewe ndipo ilipo kazi. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya mpango, kisha unaandika kila ulikoishi kwa miaka mitano, kila ulikofanya kazi, na kila nchi uliyokanyaga. Mimi ni muuguzi. Ndani ya miaka mitano nilikuwa nimehama nyumba mara nne na kufanya kazi hospitali tatu, moja kwa mkataba wa miezi michache tu. Nilikaa usiku mzima na bahasha za zamani za kodi ya nyumba ili tarehe zisipishane. Usione ni upuuzi. Kinachowaangusha watu wengi ninaowafahamu si uhalifu, ni kukadiria. Mtu anaandika "2018" kwa kuwa ndiyo iliyomjia kichwani, au anaacha safari ya Nairobi ya siku mbili kwa kuwa anaiona ndogo. Kuna pia swali la makosa ya jinai, hapa au nchi nyingine yoyote. Kama lipo, liandike na uambatanishe karatasi za mahakama. Taarifa ya uongo au pungufu ni sababu tosha ya kunyimwa, na pesa hairudi.

Pesa nayo: mimi nililipa dola 100. Tangu Oktoba 2024 ni dola 120, kwa miaka mitano. Ndani yake unapata TSA PreCheck, ile foleni ya ukaguzi wa usalama ambayo hutoi kompyuta begini. Kadi nyingine za benki zinakurudishia ada yote, kwa hiyo angalia mkoba wako kabla hujatoa fedha zako. Watoto wa chini ya miaka 18 sasa hawalipi iwapo mzazi ni mwanachama au anaomba pamoja nao, ila kila mtoto lazima awe na uanachama wake, hata mchanga wa mgongoni. Nimeona familia ikikwama hapo: baba na mama wamepita, mtoto hana.

Kama unakwenda nyumbani mara moja kila baada ya miaka mitatu, mimi nisingekushauri ulipe. Ipo programu ya simu ya bure, Mobile Passport Control, ya hao hao CBP. Wenye uraia wanaitumia, wenye kadi ya kijani, yaani wakazi wa kudumu, pia. Ukitua unajipiga picha, unajibu maswali, unaelekea kwenye foleni yake. Haina mahojiano wala ada, na watu wetu wengi hawajui kama ipo.

Hofu ninayokutana nayo zaidi ni ya vidole. "Unawapelekea mwenyewe taarifa zako?" Dada mmoja aliniuliza hivyo kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemwona mwenzake anaingia kisimani. Nilimwambia: ukiwa na kadi ya kijani, vidole vyako walishavichukua kabla hujaipata. Anwani yako wanayo. Walichobakiza ni kukaa nawe ana kwa ana. Simlaumu. Tumetoka kwenye maisha ya kuogopa kila dirisha lenye afisa nyuma yake, tukashika bahasha ya nyaraka kifuani kama mtoto mchanga, na mwili hausahau haraka.

Jambo moja zuri ambalo halisemwi vya kutosha: huhitaji kuwa raia. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa kuomba, na pasipoti yake ya Tanzania, Kenya au Kongo mkononi. Raia wa nchi kadhaa nao wanaruhusiwa hata wasipokuwa wakazi, kama Uingereza, Uholanzi, India, Singapore na Falme za Kiarabu. Tanzania haimo katika orodha hiyo. Kenya na Uganda hazimo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekuja Marekani mara nne kwa mwaka, viza yake safi na rekodi yake safi, hana mlango wa kuombea. Hilo linaniuma. Nchi zinaingia humo kwa makubaliano ya kiserikali, na ningependa siku moja serikali zetu ziliweke mezani kama zinavyoweka mambo ya maonyesho ya utalii.

Sisi watu wa pwani tuna la ziada, majina. Jina langu kamili ni langu, la baba na la babu, na la babu liliandikwa kwa herufi moja kwenye cheti cha kuzaliwa na nyingine kwenye pasipoti ya kwanza. Ukisajiliwa unapewa namba ya msafiri, na namba hiyo ndiyo unayoiandika unapokata tiketi. Lakini mfumo haukubali namba peke yake. Unalinganisha na jina na tarehe ya kuzaliwa. Safari moja niliandika majina mawili kwenye tiketi wakati kwenye rekodi yapo matatu, na alama ya PreCheck haikutokea. Nilikaa foleni ndefu, nikavua viatu kama wengine, maana wakati ule bado vilivuliwa. Tangu hapo naandika yote matatu, hata ofisi ya tiketi ikisema mawili yanatosha. Na kama jina lako ni la kawaida sana, kwa mfano lile linalobebwa na nusu ya wanaume wa Tanga, na kila safari unavutwa pembeni kwa kufananishwa na mtu mwingine, kuna utaratibu wa wizara ya usalama wa ndani unaoitwa DHS TRIP, ulioanza 2007. Unalalamika kwa maandishi, na ukishashughulikiwa unakuwa na namba ya kuweka kwenye tiketi. Ni bure. Wapelekeeni vijana wetu habari hii, hasa wale waliokwishakata tamaa ya kusafiri.

Baada ya kukubaliwa kwa masharti niliitwa kwenye mahojiano. Hayakufika dakika kumi. Afisa aliangalia pasipoti, kadi ya kijani na leseni ya udereva, akaniuliza nafanya kazi gani na nasafiri kwenda wapi, akanichukua vidole na picha. Kabla sijainuka alinitazama vizuri akasema, kila chakula kitamke, hata kama ni pipi, na ukiwa na shaka sema ndiyo. Nilidhani ni maneno anayomwambia kila mtu. Pengine ni kweli anamwambia kila mtu. Nashukuru aliniambia. (Asiyeweza kupata nafasi ya miadi, na miezi inaweza kupita, asubiri anaporudi kutoka nje ya nchi, viwanja vingi vinamhoji mtu palepale anapotua, bila miadi.)

Sasa machungwa.

Ile asubuhi ya Tanga, mwaka 2023, nilikiacha kiroba barazani. Tuliyala mengine tukisubiri gari, mjomba akiyamenya kwa kisu kidogo, ganda likishuka kama utepe mmoja usiokatika. Mama mdogo ndiye aliyenifungia begi la pili. Dagaa waliokaushwa, viungo vya pilau, kanga tatu, chupa ya mafuta ya nazi iliyofungwa mifuko miwili. Viatu nilivyovaa shambani Muheza nilivisugua mwenyewe mpaka udongo mwekundu ukatoka kwenye nyayo, kwa kuwa nilijua nitaulizwa kama nimefika shambani na kama nimekaribia mifugo. Nilifika, na ng'ombe wa mjomba alinilamba mkono.

Dar, Doha, kisha zile saa kumi na sita kasoro kidogo mpaka Houston. Mahali fulani juu ya bahari nikakumbuka uso wa mama mdogo alipokuwa akifunga zipu. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye siri.

Nilipofika, mashine ikanipiga picha. Afisa akaniita kwa jina, akauliza nimebeba chakula.

"Ndiyo," nikasema. "Dagaa, viungo. Nimefika shambani pia, viatu nimeviosha. Na begi moja nilifungiwa na ndugu yangu, sijaona kila kilichomo."

Akanitazama, akaandika kitu, akanielekeza kwa watu wa kilimo. Pale kuna meza ndefu za chuma na taa kali. Mama wa makamo mwenye glavu za bluu alifungua begi akaanza kutoa kimoja kimoja bila haraka. Dagaa akawanusa, akawaweka kando, sawa. Viungo, sawa. Akafika kwenye kanga ya tatu, iliyokunjwa nene kuliko wenzake. Ndani yake machungwa matatu. Moja lilikuwa bado na kikonyo na jani lake, jani bichi la kijani linalong'aa kama limechumwa saa ile.

Alilipasua lile lenye jani kwa kisu, akalibana chini ya taa, akaangalia kila kipande. Harufu ikajaa meza nzima. Nilikuwa nimechoka, nimevimba miguu, na harufu ile iliniletea machozi kabisa. Niliona baraza, niliona mjomba. Yule mama aliniuliza yametoka wapi. Nikamwambia, nchi, mkoa, wilaya, shamba la mjomba wangu. Akaniambia, "Kwa kuwa ulitamka, hakuna faini. Yanabaki hapa." Akayatia kwenye mfuko.

Ningesema hapana, mambo yangekuwa mengine. Mwaka 2018 kuna abiria aliyetoka Paris akatozwa dola 500 kwa tufaha moja alilopewa ndani ya ndege na kuliweka begini, naye alikuwa mwanachama wa mpango huu huu. Kwa mwanachama faini ndiyo hasara ndogo. Kosa moja la forodha linatosha kukuondolea uanachama.

Nilipompigia mjomba kumweleza, nilitaraji asikitike. Alisema, "Wangeyaachia ningewashangaa." Yeye anajua. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye wataalamu wanamwita Bactrocera dorsalis, alionekana mara ya kwanza pwani ya Kenya, na haukupita muda akawa kwetu. Anatoboa ganda na kutaga ndani. Nje tunda zima, ndani funza. Mjomba ametundika mitego ya chupa kwenye miembe na michungwa yake, na kila asubuhi anahesabu waliokufa. Anajua kwamba mdudu yule hakuvuka bahari kwa mbawa zake. Alibebwa na mtu, ndani ya tunda, pengine tunda la zawadi.

Na jani lile lilikuwa baya kuliko matunda. Kuna ugonjwa wa michungwa unaosambazwa na kijidudu kidogo kinachofyonza majani machanga. Tunda linabaki dogo na chungu, upande mmoja wa kijani, mti unakauka polepole, na tiba hakuna. Uligunduliwa Florida 2005, na tangu hapo mavuno ya machungwa ya jimbo lile yameporomoka vibaya. Januari 2012 ukaonekana hapa Texas, kusini, kwenye bonde la Rio Grande wanakolima machungwa na balungi. Wakulima wa kule ni watu kama mjomba. Wana mikopo, wana watoto shuleni, wanaamka alfajiri kutazama majani. Nilipoelewa hivyo, lile swali la "umebeba chakula" liliacha kunisikika kama kero ya forodha. Ni mkulima mmoja anamuuliza mwingine, mimi nikiwa nimesimama katikati na begi.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumchukua mama aje kukaa nami. Alikuwa na viza ya matembezi na pasipoti mpya, amevaa baibui lake jipya na raba nilizomnunulia. Tulipotoka kwenye ngazi za ukumbi wa uhamiaji, mabango yakatugawa: wanachama huku, wageni kule. Upande wangu walikuwepo watu sita. Upande wake foleni ilijikunja mara nane kati ya kamba.

Uanachama hauambatani na mama. Hauambatani na mume wala mgeni wako, kila mtu na wake. Ningeweza kupita, nikamsubiri kwenye mizigo. Niliona watu wakifanya hivyo. Lakini mama hasemi Kiingereza, na alikuwa amenishika mkono kwa vidole viwili, vile alivyokuwa akinishika mimi sokoni Ngamiani nikiwa mdogo. Niliingia naye kwenye foleni ndefu. Tulisimama saa moja na nusu. Alimsalimia kila aliyemtazama. Mbele yetu kulikuwa na bibi kutoka Lagos aliyekuja kumwona mjukuu, wakaelewana kwa ishara, wakaonyeshana picha kwenye simu.

Afisa alikuwa kijana mpole. Aliuliza amekuja kufanya nini, nikatafsiri. Mama akajibu, "Mwambie nimekuja kumtazama mwanangu kama anakula." Nikamwambia hivyohivyo. Akacheka, akagonga mhuri. Kwenye mizigo alipita mbwa mdogo wa aina ya beagle na fulana yake, wale wanaonusa matunda na nyama. Akinusa kitu hufunzwa kukaa chini kimya pembeni ya begi. Mama aliinua baibui asiguswe. Mbwa alizunguka begi letu mara mbili, akaendelea na safari zake. Safari hii nilikuwa nimefunga mwenyewe.

Naamini mpango huu, nautetea, na nitauhuisha mwakani kwa dola 120. Lakini siupambi. Imani ya namna hii inaweza kukatwa bila mtu kukosea. Februari 2020 wakazi wote wa jimbo la New York walizuiwa kuomba au kuhuisha, kwa sababu jimbo na serikali kuu vilikuwa vikivutana juu ya sheria ya leseni za udereva. Mtu wa Bronx aliyepitia fomu zote, asiye na doa, alifungiwa mlango kwa anwani yake. Ulifunguliwa tena Julai mwaka huohuo. Nakumbuka nilivyosoma habari ile nikiwa kazini, nikashika shingo ya fulana yangu. Ndiyo maana nawaambia wenzangu waombe wakiwa na nafasi ya kuomba, wasingoje mpaka wiki ya safari.

Mama anakuja tena mwezi ujao, na safari hii anakuja peke yake. Jumapili tulifanya mazoezi kwa video. Nilikuwa afisa, yeye abiria. Nikamwambia kila kitu akitoe begini akitaje, nami nitamwandikia kwa Kiingereza kwenye karatasi ataishika mkononi.

"Dagaa," akasema, akauinua mfuko mbele ya kamera.

"Sawa."

"Iliki. Mdalasini. Kanga hizi za wajukuu."

"Zikunjue."

Akazikunjua moja moja, akazipunga. Hakuna kitu ndani.

"Na huo mfuko mweusi nyuma yako?"

Akageuka kuutazama kama anauona kwa mara ya kwanza. "Huu aliuacha mjomba wako jana." Akaufungua, akaingiza mkono, akatoa chungwa moja la kijani. Akalitazama. Kisha akaita kuelekea mlango wa jikoni wamletee kisu, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai, akaanza kumenya.